Volti za kapasita kwenye amplifaya, redio na sabufa: maswali ninayoulizwa kila siku mezani kwangu Mwanjelwa, Mbeya

Haipiti wiki bila mtu kusimama mbele ya meza yangu ameshika kapasita (kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme) iliyovimba kichwa, akiuliza kama ile ya volti 35 aliyoikuta dukani inaweza kukaa mahali pa hii ya 50. Wengine hupiga simu kutoka Tukuyu, Chunya, Makambako, hata Mafinga, na swali ni lilelile. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Naliandikia jambo hili kwa sababu linaunguza vyombo vya watu waliochanga fedha kwa tabu, na hesabu yake mtu yeyote anayejua kuzidisha anaiweza.

Volti zilizoandikwa kwenye kapasita ni za nini hasa?

Ni kikomo. Kapasita iliyoandikwa 63V na 105°C imetengenezwa kubeba hadi volti 63 za DC (umeme wa kwenda upande mmoja, kama wa betri) saa zote, hata ikipata joto la nyuzi 105, kwa saa zile ambazo kiwanda kimeziahidi. Haina maana kwamba itatoa volti 63, wala haidai kuletewa volti 63 ndipo ifanye kazi. Kapasita hubeba kile inacholetewa, basi.

Ukifungua iliyokufa (huwa nawafungulia vijana wanaojifunza kwangu waione kwa macho) utakuta utepe mrefu wa alumini umekunjwa kama msokoto, katikati yake karatasi iliyoloa kimiminika. Kinachozuia umeme usipite si ile karatasi. Ni utando wa oksidi juu ya alumini ya upande wa chanya, na unene wake ni kama nanomita 1.4 kwa kila volti iliyotumika kuutengeneza kiwandani. Kwenye kapasita ya volti 50 utando huo ni mwembamba mara mamia kadhaa kuliko unywele. Volti zikizidi, umeme unaanza kupenya, joto linapanda, kimiminika kinatoa gesi na kopo linavimba. Ile alama ya msalaba au herufi K iliyochongwa juu ya kopo imewekwa makusudi, ili kopo likishindwa lipasukie hapo.

Transfoma yangu imeandikwa 24-0-24. Kapasita ya volti 35 si inatosha?

Haitoshi. Namba hiyo maana yake ni volti 24 kila upande wa waya wa katikati, na hili ndilo swali lililonifanya nikae niandike.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kutoka Tukuyu na amplifaya ya kwaya imefungwa kwenye kitenge. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi. Kwaya imenyamaza." Nilipofungua kifuniko, harufu ilinijia kwanza, kali, kama samaki aliyelala jana. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umepakwa nyuzinyuzi za karatasi ya kijivu na vipande vya alumini vilivyochanika. Kwenye bodi vilibaki vikopo viwili vilivyopasuka, maikrofaradi 10,000 (kipimo cha uwezo wa kutunza chaji), volti 35. Lakini alama za gundi ya zamani pale chini zilikuwa pana kuliko vikopo hivyo. Mzee akanieleza: za mwanzo zilikuwa za volti 50, zikazeeka, fundi mwingine akazibadilisha kwa za 35, akawaambia 24 ni ndogo kuliko 35 kwa hiyo wasiwe na hofu. Na kweli chombo kiliimba Jumapili nne bila tatizo. Wiki ya tano kulikuwa na mkesha. Saa sita za usiku watu walikuwa kwenye maombi ya kimya, amplifaya imewashwa lakini hakuna anayeimba, mara ukasikika mlipuko.

Nilichomoa nyaya za transfoma kwenye bodi nikapima. Umeme wa ukutani siku ile ulikuwa volti 231. Kila upande wa transfoma, bila mzigo, ulitoa volti 26.4 za AC (umeme wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani) badala ya 24. Nikaunganisha diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita ya majaribio ya volti 100, mita ikasoma 36.6 za DC. Hapo ni mchana, na tayari tumeshavuka 35.

Sasa fikiria usiku. Mchana mashine za kusaga na za kuchomelea vyuma zinavuta umeme wa mtaa, volti zinashuka. Usiku wa manane zimezimwa zote, na kwenye baadhi ya mitaa volti za ukutani hupanda. Zikifika 250, ile 36.6 inakaribia 40. Kapasita ya aina hii huvumilia asilimia 15 juu ya kikomo chake kwa sekunde chache tu, nayo kwa ile ya 35 ni kama volti 40. Tena kwenye mkesha hazikuwa sekunde chache. Zilikuwa saa nzima na zaidi, bila mzigo wa muziki kuzishusha.

Nilimwekea za volti 63. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akafunga kitenge chake.

Mbona 24 imekuwa 36? Zimetoka wapi?

Namba iliyoandikwa kwenye transfoma si kilele cha wimbi la umeme. Wimbi la AC linalohesabiwa kuwa volti 24 hupanda hadi kilele cha mara 1.414 ya namba hiyo, yaani karibu 34, na kapasita iliyo nyuma ya diodi hujaa hadi kileleni. Diodi hupunguza kidogo, kati ya volti 0.7 na 2 kutegemea zilivyopangwa. Kisha kuna jambo la pili: kiwanda huandika volti ambazo transfoma hutoa ikiwa imebeba mzigo wake wote. Isipobeba, volti hupanda. Kwa transfoma kubwa asilimia 5 hadi 10, kwa ndogo hata 20 au zaidi. La tatu ni umeme wa ukutani wenyewe. Wetu ni wa volti 230, lakini hapa na pale hupanda na kushuka.

Kuna hesabu fupi ninayoweza kukariri?

Ipo. Zidisha volti za transfoma kwa 1.7, kisha panda hadi kipimo cha dukani kinachofuata. Hiyo 1.7 ni 1.41 ya kilele, mara 1.1 ya transfoma isiyo na mzigo, mara 1.1 ya umeme uliopanda.

Vipimo vya kawaida vya dukani ni 6.3, 10, 16, 25, 35, 50, 63, 80, 100, halafu 160, 200, 250, 400 na 450. Kwa hiyo transfoma ya 12 inakupa 20.4, nunua ya 25. Ya 15 inakupa 25.5, na hapa wengi huteleza wakachukua ya 25 kwa kuona tofauti ni nusu volti, chukua 35. Ya 18 ni 30.6, inakaa kwenye 35. Ya 24 ni 40.8, basi 50, na ukipata 63 ni bora. Ya 30 ni 51, chukua 63. Ya 35 ni 59.5: kwa hesabu 63 inapita, ila mimi kwa chombo kinachowashwa mchana na usiku naweka 80. Ya 45 ni 76.5, hapo nakwenda moja kwa moja kwenye 100.

Kama transfoma ni 24-0-24 na kapasita ni mbili, moja ya upande wa chanya na moja ya upande wa hasi, hesabu ni ya 24 kwa kila moja, si ya 48. Ila kama waya wa katikati hautumiki na diodi zinachukua ncha mbili za nje tu, hapo ni 48 kweli, na kapasita ni ya 100.

Bado nakusihi upime. Mita ya kawaida inatosha. Weka kwenye DC, washa chombo bila sauti, soma volti juu ya miguu ya kapasita, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya usiku. Namba hiyo isivuke kikomo kilichoandikwa, na ningependa ibaki nafasi ya kama moja ya tano.

Naweza kuweka ya volti kubwa kuliko ya mwanzo?

Ndiyo, mradi maikrofaradi zilingane na kopo liingie. Ya 63 mahali pa 50, ya 50 mahali pa 35, hakuna ubaya. Watu wengine wanaamini kwamba kapasita ya volti 100 ikiwekwa kwenye volti 20 "italala" au itapoteza maikrofaradi zake. Kwa za siku hizi hilo si la kuogopa. Zitafanya kazi miaka mingi tu.

Gharama iko kwingine. Kopo linakuwa refu au nene zaidi, miguu inaweza kuwa na nafasi tofauti na matundu ya bodi, na bei inapanda. Kwenye sabufa ndogo kifuniko huenda kisifunge. Usilaze kapasita juu ya rezista kubwa au juu ya bati la kupoza ili tu iingie. Utakuwa umeikinga na volti ukaiua kwa joto.

Na kama dukani kuna ya volti ndogo lakini maikrofaradi nyingi?

Hapana. Maikrofaradi nyingi hazinunui hata volti moja.

Nikiunga mbili za volti 50, napata 100?

Ukiziunga kwa mfululizo, hasi ya moja kwa chanya ya nyingine, volti zinajumlishwa lakini maikrofaradi zinapungua nusu. Mbili za 4,700 kwa volti 50 zinakuwa 2,350 kwa volti 100. Shida ni kwamba hazigawani volti sawa, kwa sababu kila moja huvujisha umeme kwa kiasi chake. Moja inaweza kubeba 60 na mwenzake 40, ile ya 60 ikafa, kisha ya pili ikafuata mara moja. Ndiyo maana juu ya kila moja huwekwa rezista ya kusawazisha, zote mbili za thamani sawa. Bila rezista hizo usifanye.

Ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, maikrofaradi ndizo zinazojumlishwa, na kikomo cha volti ni cha ile dhaifu kuliko zote. Ya 35 ikikaa sambamba na tatu za 63, chombo chako kina kikomo cha 35.

Huku kwetu ni baridi. Inasaidia?

Inasaidia umri wa kapasita, haibadilishi volti za kuchagua. Kanuni inayotumika ni kwamba joto la kapasita likishuka kwa nyuzi 10, umri wake huwa mara mbili. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwa nyuzi 65, inahesabiwa saa 32,000. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko mbali na hapo, na usiku wa Juni na Julai kila mtu anajua koti ni la nini. Chombo kilekile kikishushwa Kyela, karibu na ziwa, kitaishi kwenye joto jingine kabisa. Kwa mteja wa Kyela siweki ya nyuzi 85. Naweka ya 105 hata kama volti zina nafasi ya kutosha.

Kwa watu wa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, kinachonisumbua zaidi ni unyevu. Chombo kilicholala stoo msimu mzima wa mvua huota kutu kwenye miguu, na vumbi likilowa juu ya bodi hupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Kabla ya kulaumu kapasita, safisha bodi kwa spiriti na uikaushe vizuri.

Nafunga muziki kwenye magari. Gari ni volti 12, naweka kapasita ya 16?

Betri ya gari ni 12 kwa jina. Injini ikiwaka, jenereta huichaji kwa kama volti 14.4, na kila kitu kinachowashwa au kuzimwa huleta mruko mdogo wa volti. Ya 16 inaishi ukingoni kila siku. Weka 25.

Sisi tuko kwenye barabara ya Tunduma, kwa hiyo malori na mabasi ni kazi ya kila wiki. Hayo ni ya volti 24, yakichajiwa ni kama 28. Nimeyaona mara nyingi yamefungwa kapasita za 25 kwa kuwa mtu alisoma 24 kwenye betri akaona amebakiza volti moja. Ya 35 ndiyo ya chini kabisa, nami naweka 50. Sababu ni hii: waya wa betri ukilegea au ukichomoka huku jenereta inachaji, volti huruka ghafla hadi makumi kadhaa kabla hazijatulia. Kapasita peke yake haiwezi kuzuia mruko huo, lakini yenye nafasi ina nafuu ya kuupita. Kwanza kaza terminali za betri. Nawaambia madereva hivyo kila wanapokuja, na ninazikaza mwenyewe kabla sijafungua redio.

Kumbuka pia kwamba amplifaya kubwa ya gari huwa na kibadilishi ndani kinachopandisha zile 12 kuwa 30 au zaidi, chanya na hasi. Kapasita za upande huo hazina habari na volti za betri. Pima palepale.

Na redio inayotumia sola?

Ikiwa kuna betri na chaja ya sola katikati, hesabu ni ya gari: 14.4, basi 25.

Ikiwa redio imeungwa moja kwa moja kwenye paneli, kama ninavyoona kwa watu wa mashambani, jambo ni jingine. Paneli iitwayo ya volti 12, isipobeba mzigo, hutoa 21 hadi 22 juani. Na hapa nyanda za juu kuna kitu ambacho watu wa pwani hawakioni: paneli ikipoa, volti zake hupanda, kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Vipimo vya kiwandani hufanywa paneli ikiwa na nyuzi 25. Asubuhi ya Julai kule Makete, ambako sakitu huanguka, paneli inaweza kuwa karibu na sifuri jua la kwanza linapoipiga. Nyuzi 25 chini ni asilimia 7 hadi 8 juu, na zile 22 zinakuwa 23.6. Kapasita ya 25 imebakiza volti moja na ushee. Weka 35. Lililo bora zaidi ni kununua betri na chaja, kwa sababu IC za ndani ya redio (vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi) nazo zina kikomo chao.

Kapasita za twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) nazo zina volti?

Zinazo, na hesabu yake ni ya nguvu ya amplifaya. Zidisha wati kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 1.4. Wati 100 kwa omu 8 ni 800, kipeuo chake ni 28, kilele ni 40. Wati 300 kwa omu 8 ni 2,400, kipeuo 49, kilele 69. Kwa spika za nyumbani sishuki chini ya volti 100, na kwa spika za ukumbini natumia za filamu, poliesta au polipropilini, za 250.

Kwenye za filamu soma vizuri: 250 iliyoandikwa mara nyingi ni ya DC, na kikomo chake cha AC ni kidogo zaidi. Ikiwa kopo limeandikwa zote mbili, kwa spika fuata ya AC.

Zaidi ya volti, kapasita ya spika isiwe na chanya na hasi. Sauti hugeuka upande mara maelfu kwa sekunde, na yenye chanya na hasi itapokea kinyume nusu ya muda wote. Ukikosa kabisa, unga mbili za kawaida hasi kwa hasi: mbili za maikrofaradi 10 hukupa 5. Ni dawa ya muda, mpaka upate ya kufaa.

Zile ndogo zinazopitisha sauti kwenye bodi ya toni, volti zake zina uzito?

Mara nyingi kinachokaa juu yake ni volti chache au sehemu tu ya volti moja, hivyo karibu yoyote itafanya kazi. Mimi huchagua kwa kuuliza: IC au transista iliyo nyuma yake ikifa, kapasita hii itapokea ngapi? Jibu huwa volti zote za upande ule. Kwa bodi ya volti 15 naweka 25, na swali linaisha.

Fanya vivyo hivyo kwa kapasita kubwa ya kutolea sauti kwenye redio za umeme wa upande mmoja. Kazini hubeba nusu ya volti, kwa redio ya 12 ni 6. Lakini usiweke ya 10. Transista ya juu ikishika, yaani ikipitisha umeme bila kizuizi, zote 12 zitaifikia kapasita.

Kuna wanaouliza kama volti kubwa hufanya besi iwe nzito au sauti iwe safi. Volti zenyewe hazina sauti. Ukitaka usafi, angalia aina: kwenye njia ya sauti filamu ni nzuri kwa thamani ndogo, na epuka seramiki za bei rahisi, kwa kuwa nyingi hupoteza maikrofaradi zinapopewa volti na huiharibu sauti. Seramiki zilizoandikwa C0G au NP0 hazina tabia hiyo. Za tantalamu, ukikutana nazo, zipe nusu tu ya volti zilizoandikwa. Zikishindwa hushika na kuungua, hazivimbi kukupa taarifa.

Sabufa yangu haina transfoma kubwa, ndani kuna kapasita nene ya 400V. Nibadilishe mwenyewe?

Huo ni umeme wa ukutani ulionyooshwa moja kwa moja: 230 mara 1.414 ni 325, na ukutani pakiwa 250 ni 354. Ya 400 ndiyo ya kawaida. Kwa mitaa ambayo umeme unapanda sana naweka 450, kopo likiingia. Usiweke ya 350 hata kama inafanana kwa kila kitu.

Karibu na hapo kuna kiboksi cha mraba, mara nyingi cha njano au bluu, kimeandikwa X2 na 275 au 310 pamoja na alama ya AC. Hicho hukaa kati ya nyaya mbili za umeme, nacho kimetengenezwa kisiwashe moto kikishindwa. Vile vidogo vya bluu vya mviringo vyenye herufi Y huungana na bodi ya chuma au upande wa sauti, na uhai wa anayeshika chombo uko juu yake. Badilisha X kwa X na Y kwa Y. Filamu ya kawaida ya volti 400 DC haifai hapo kabisa, na sitakubali kufanya hivyo hata mteja akiomba kwa haraka.

Kama hujawahi kufanya kazi upande huu, nakuomba ukae na fundi aliyezoea mara ya kwanza. Kapasita hiyo hubaki na volti mia tatu na zaidi hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Nitaimwagaje chaji kabla ya kugusa?

Usitumie bisibisi. Cheche yake hula ncha, huchoma njia za bodi na huweza kuua kapasita nzima. Chukua taa ya zamani ya uzi, wati 60, kwenye kishikio chenye nyaya mbili, gusisha miguu ya kapasita, hesabu hadi kumi, kisha pima kwa mita. Chini ya volti 5 ndipo weka mkono. Baada ya dakika chache pima tena, kwa sababu kapasita kubwa hurudisha volti kidogo zenyewe.

Nitajuaje kama niliyonunua ni ya kweli?

Pima uzito mkononi na linganisha ukubwa. Maikrofaradi 10,000 kwa volti 63 haiwezi kuwa ndogo kama ya 25. Nimewahi kufungua kopo kubwa nikakuta ndani yake kopo dogo limezungushiwa karatasi. Kwa nje liliandikwa 63, lile la ndani 25. Mita ya kapasita itakuambia maikrofaradi, haitakuambia volti. Volti nazijaribu hivi: naipandishia taratibu kupitia rezista ya kilo-omu 10, kopo likiwa ndani ya ndoo ya chuma nami nimevaa miwani, hadi kufikia kikomo kilichoandikwa. Nzuri hujaa, na baada ya dakika chache umeme unaopita kwenye rezista unashuka hadi karibu hakuna. Bandia hukwama njiani, umeme hauachi kupita, kopo linapata joto.

Wakati wa kuifunga, mstari wenye alama ya kutoa kwenye ganda ni hasi, na mguu mrefu ni chanya. Bodi nyingi hutia kivuli upande wa hasi, lakini si zote. Piga picha kabla ya kuchomoa ya zamani.

Nina redio ya marehemu baba, haijawashwa miaka mingi. Niiwashe tu?

Subiri. Ule utando wa oksidi niliousema mwanzo hudhoofika kapasita ikikaa miaka bila umeme, na kwa siku ya kwanza kapasita ya volti 50 haiwezi kubeba 50. Ukiiwasha ghafla inaweza kulipuka hata kama ilikuwa nzima. Iunge mfululizo na ile taa ya wati 60, ili umeme wa ukutani upite kwenye taa kwanza. Taa ikiwaka kwa nguvu na haififii, zima, kuna kilichoshika ndani. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, iache hivyo nusu saa huku ukigusa makopo kwa nyuma ya kidole baada ya kuchomoa plagi. Lililo na joto libadilishe. Yaliyobaki baridi yapime volti, na yakisoma chini ya kikomo chake, ondoa taa, iwashe redio, utafute stesheni aliyokuwa akiisikiliza.